Kaka, mpapai usiukate

Kaka, shikamoo. Tangu arobaini ya Mama hupokei simu zangu, basi nimeona niandike hapa. Wanao watakusomea.

Tarehe 3 Januari nilisimama Tsurumi, hapa Yokohama, Japani, kwenye baridi ya kukata masikio, nikitazama zile mbio za Hakone nilizowahi kukusimulia. Vijana wa vyuo, 10 kwa kila timu, siku mbili, kilomita 217 kutoka Tokyo hadi milimani na kurudi. Hawapokezani kijiti. Wanapokezana mkanda wa kitambaa, tasuki, unaovaliwa begani ukapita kifuani, na jasho la wote waliotangulia limo humo. Sheria yake haina huruma: siku ya kurudi, timu ya kwanza ikishapita zinahesabiwa dakika 20. Zikiisha, anayesubiri anaamriwa aondoke na mkanda wa akiba, hata kama mwenzake anaonekana anakuja.

Nilimwona mmoja. Mkanda ameshauvua, ameuzungushia kiganjani tayari kuukabidhi, na mwenzake ameshaondoka. Hakupunguza mwendo. Alifika mstarini akaanguka, uso juu ya mkanda, akawa anasema samahani, samahani, kwa mtu ambaye hayupo. Watu wazima pembeni yangu walilia. Mimi nililia ya kwangu.

Kaka, miaka minne nilituma pesa kila mwezi ya kumjengea Mama nyumba. Ulisema bati litapanda kabla ya Idi. Idi ipi? Mama alizikwa Ijumaa, ametolewa chumba cha kupanga. Mimi nikafika Jumapili. Ukanipeleka kiwanjani. Kwenye chumba chake, pale pale tulipopima kitanda, umeota mpapai umepita kuta. Ukaangua papai, ukalipasua, ukanipa kipande. "Sijavunja ahadi, nimechelewa tu." Samahani hukuitamka. Nikala, na mpaka leo halijanishuka.

Najua wewe ndiye uliyekuwa ukimbeba Mama mgongoni kumpeleka kliniki, wewe ndiye uliyemkata kucha. Sijasahau, wala sina cha kukulipa.

Lakini nisikilize. Huku watoto wakiahidiana hufunganisha vidole vidogo, wanaimba kwamba mwongo atamezeshwa sindano elfu. Mjukuu wa mama mwenye nyumba wangu alinifunga kidole hivyo, nikamwahidi Jumapili tutakwenda baharini. Nikalala, nimechoka na zamu ya usiku. Nilipoamka jioni nilimkuta ameketi mlangoni, viatu miguuni, kofia kichwani. Hakulia. Tangu siku ile nikitamka jambo naliandika. Na wewe andika, kaka. Usiseme "kabla ya Idi", sema tarehe. Ukiona hutaiweza piga simu kabla haijafika, maana Mama alikuwa akiulizia bati kila Ijumaa na mimi nikimjibu kwa maneno yako.

Utaniambia nami nilimwahidi Mama kurudi baada ya miaka mitatu, na huu ni wa tisa. Wajapani husema hata jiwe la baridi, ukilikalia miaka mitatu, litapata joto. Langu lilikawia. Miaka miwili ya mwanzo nilipara samaki usiku kucha, vidole havisikii kisu; ningerudi na nini? Alikuwepo Kanakuri Shizo, mmoja wa walioanzisha hizi mbio za Hakone mwaka 1920. Alikimbia marathoni ya Olimpiki ya Stockholm, Uswidi, mwaka 1912, joto likamwangusha, akarudi kwao bila kuwaaga wasimamizi. Mwaka 1967 Waswidi wakamwita akamalizie, mzee wa miaka 75, naye akaenda akavuka mstari. Wakamwandikia muda wake: miaka 54, miezi 8 na siku zake. Hakuna aliyesema amevunja ahadi. Basi na mimi nimo njiani. Sijavunja, nimechelewa.

Nimeyasoma tena maneno hayo, kaka. Ni yako.

Pesa ya bati nimemtumia fundi jana. Tarehe 20 Machi natua Dar, na nimeiandika. Fundi akija mwambie aanze na vyumba vya mbele. Cha Mama akiache. Mpapai usiukate mpaka nifike.