Zuhura, zima kwanza hiyo mikogo

Dar es Salaam, Jumapili usiku

Shoga yangu Zuhura,

Salamu tele. Huku hatujambo, ila mvua imetukalisha ndani tangu juzi na umeme unakuja na kuondoka upendavyo, kwa hiyo nikikatisha mahali ujue ndiyo hivyo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, maana mara ya kwanza nilikuwa nacheka. Eti kila ukiizungusha hemoglobini, hiyo protini ya damu, kwenye PyMOL yako ya kutazamia molekuli, feni inalia kama mashine ya kusaga na picha inakwamakwama. Kabla hujamlaumu PyMOL, niambie: yale madirisha yako yanayotikisika kama jeli ukiyaburuta, umeyazima? Nilijua.

Mwenzio yalinikuta. Unaikumbuka enzi ya Compiz, ile programu ya madoido ya madirisha, 2007, kila mwenye Linux anataka skrini yake igeuke mchemraba? Nami nilikuwa nao, nikaenda nao hadi semina ya idara. Hemoglobini imekaa vizuri, watu wametulia. Nikataka kuhamia kwenye slaidi zilizokuwa upande wa pili, nikaugeuza mchemraba kwa madaha. Ukazunguka na kila kilichokuwamo. Hemoglobini ikabaki palepale, nyekundu, imebandikwa juu ya slaidi zangu. Mzee mmoja wa mstari wa mbele akauliza kama hiyo nayo ni sehemu ya utafiti.

Sababu niliijua baadaye. Ukiwasha madoido hayo, madirisha hayachorwi tena moja kwa moja kwenye skrini. Kila moja linachorwa pembeni, kwenye karatasi isiyoonekana, kisha msimamizi wa madirisha anazikusanya karatasi, anazipinda apendavyo, ndipo anazibandika. PyMOL, kwa kutaka kasi, alikuwa akichora juu ya skrini bila kupitia kwa msimamizi, na mchemraba haukuwa na habari naye. Hilo lilipata dawa DRI2, njia mpya ya programu kuifikia kadi ya picha, ilipokuja, 2008. Lako ni jingine: siku hizi wote wanapita mlango mmoja, lakini jiko ni lilelile. Jeli na protini zote zinapikwa kwenye kadi moja ya picha, na hiyo Intel yako haina kumbukumbu yake. Inachota kwenye RAM ileile inayoliwa na kivinjari chako.

Kwanza andika glxinfo kwenye terminali, utafute mstari wa "OpenGL renderer". Ukikuta neno llvmpipe, basi kadi yako hata haijaguswa, prosesa ndiyo inayobeba mzigo wote; hapo shughulika na draiva, mengine yaache. Ukikuta Intel, bonyeza Alt+Shift+F12: KDE, hiyo desktop yako, italaza madoido yote, na ukibonyeza tena yanaamka. Ila hiyo ni kama umeingia kwa X11, mfumo wa zamani wa kuonyesha madirisha. Kwenye Wayland, ule mpya, msimamizi halali, maana bila yeye hakuna skrini. Huko ingia kwenye mipangilio uondoe ile jeli peke yake.

Halafu punguza tamaa. Hiyo faili ya 2HBS unayofungua, hemoglobini ya selimundu, ina molekuli mbili nzima, minyororo minane, nawe unaivika yote surface, lile ganda la nje, tena linalopitisha mwanga! Unachokitafuta ni kidogo: asidi amino moja tu, valini ya nafasi ya 6, iliyokalia kiti cha glutamati, ilivyojichomeka kwa jirani yake karibu na fenilalanini 85 na lusini 88. Kwingine kote acha cartoon, ule mchoro wa utepe, hapo tu ndipo uweke vijiti. Mimi nilipoiona kwa karibu mara ya kwanza nilinyamaza kidogo. Unamkumbuka mdogo wangu, tulivyokuwa tukikesha naye anashika magoti yake? Na kile nilichokuwa nakitazama kilifunikwa na ncha ya kidole changu.

Picha za tasnifu zipige kwa amri ya ray. Hiyo kazi ni ya prosesa, hata jeli ikiwepo picha itatoka ileile, utasubiri tu.

Taa zimeshapepesa mara mbili. Nipigie ukishaona glxinfo inasema nini, na umwambie mama ule mkeka umefika, nimeshautandika.

Wako,
Mwanaidi