Barua ya Malalamiko: Rejesho Limepandishwa kwa Sababu Mwenzangu Amehamia Kwangu

Kihonda,
Morogoro.

Meneja wa Tawi,
Kampuni ya Mikopo,
Morogoro.

Ndugu Meneja,

YAH: KUPANDISHIWA REJESHO BILA KUITWA

Husika na somo tajwa hapo juu. Mimi ni mkopaji wenu, nina genge la mboga na nafaka. Biashara ilipoyumba tulikaa ofisini kwenu tukapanga upya deni langu, rejesho likashuka kutoka shilingi 260,000 hadi 150,000 kwa mwezi. Tangu hapo sijachelewesha. Risiti zote ninazo.

Mwezi uliopita afisa mikopo wenu alipita nyumbani akakuta pikipiki uani na viatu vya kiume mlangoni. Kesho yake nikaletewa ujumbe kwamba kipato cha kaya kimeongezeka, hivyo rejesho linarudi 260,000. Hakuniuliza chochote. Kisha akampigia mwenzangu akiwa kijiweni, akamtajia deni langu lililobaki na kumtaka aje asaini udhamini.

Mkataba wetu unasema marejesho yataangaliwa upya kipato cha mkopaji kikibadilika. Mkopaji ni mimi. Mwenzangu hakuomba mkopo huu wala hakula hata senti yake. Ndoa hatujafunga, mahari ndiyo kwanza inazungumzwa. Hata tungefunga, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtambua mke kuwa na haki ya kumiliki mali na kuingia mikataba kwa jina lake. Ile dhana ya ndoa ya kifungu cha 160, yaani watu kuchukuliwa kuwa wanandoa bila kufunga ndoa, ambayo afisa wenu aliitumia kumtishia mwenzangu, inataka watu wawe wameishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana kama mke na mume. Huyu hata begi la pili hajalifungua.

Sasa tuje kwenye hesabu. Fomu mliyonijazisha inaonyesha faida ya genge pamoja na shilingi 50,000 za mpangaji wa chumba cha pili. Mpangaji huyo ameondoka. Chumba analala mtoto wa mwenzangu. Mwenzangu ananunua umeme na kuchangia kodi, sikatai. Lakini pikipiki aliyoiona afisa wenu ni ya mkataba, kila jioni hesabu inakwenda kwa mwenye chombo. Mkitaka kupitia upya, niiteni tuweke mezani kilichoongezeka na kilichopungua, nami nitakuja na daftari langu.

Kuhusu ile simu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa kama hizi. Mimi nilikwisha kumweleza mwenzangu deni langu. Wapo wasiojieleza, na simu ya namna hiyo inaweza kuvunja nyumba ya mtu.

Naomba rejesho libaki 150,000 hadi tutakapokaa, ujumbe ule ufutwe kwa maandishi, na namba ya mwenzangu iondolewe kwenye faili langu. Nisipojibiwa kwa barua ndani ya siku 14, nitayapeleka malalamiko haya Benki Kuu ya Tanzania, inayowasimamia watoa mikopo chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018.

Rejesho la mwezi huu, shilingi 150,000, nimeshalilipa. Nakala ya risiti na ya mkataba nimeambatisha.

Wenu,
Mkopaji