Muziki huo una mwenyewe

Mhariri,

Ukurasa wenu wa burudani wa Jumamosi iliyopita umeutaja The Entertainer kuwa ni "muziki wa filamu ya zamani". Nafundisha piano mwaka wa kumi na tisa sasa, na kauli hiyo naisikia kila muhula. Mzazi anafika mlangoni na mtoto, ananiambia, "Mwalimu, mfundishe ule wa kwenye simu." Mzazi simbishii, ada ameshalipa. Gazeti nitalibishia.

Filamu mnayoisema ni The Sting, ya mwaka 1973. Muziki wenyewe ulichapishwa 1902, na mtunzi wake, Scott Joplin, alifariki New York mwaka 1917. Tena hadithi ya filamu ile ni ya miaka ya 1930, wakati ragitaimu, yaani mtindo huu wa muziki wa Joplin, ilishachuja kitambo na watu wanacheza mambo mengine kabisa. Marvin Hamlisch, aliyeupanga upya kwa ajili ya filamu, alipewa Oscar mwaka 1974. Mwaka huohuo ndipo kaburi la Joplin huko Queens lilipowekewa alama yenye jina lake. Miaka 57 mtu amelala pale na mpita njia hajui ni nani.

Baba yake alikuwa mtumwa kabla ya kuwa huru, mama akifanya usafi kwenye nyumba za watu. Mwaka 1899, mjini Sedalia, Missouri, Joplin alitia saini mkataba wa Maple Leaf Rag, muziki wake mwingine: senti moja kwa kila nakala itakayouzwa. Msiicheke senti hiyo. Enzi zile watunzi wengi waliuza kazi zao kwa mkupuo, wakapokea dola chache na hadithi ikaishia hapo. Yeye aliendelea kula mrabaha.

Mkiniuliza kwa nini The Entertainer haufi, nitawaambia mtazame mikono. Wa kushoto unatembea: noti moja nzito chini, kisha kadhaa kwa pamoja juu yake, hatua kwa hatua, hauyumbi. Wa kulia ndio mkorofi. Unatangulia mdundo, unauchelewa, unaegemea pale ambapo sikio halikutegemea. Mwanafunzi wangu mmoja wa miaka kumi na moja alihangaika wiki tatu kwenye mistari minne tu, kila mkono wa kulia ukichelewa na wa kushoto unausubiri. Siku mikono ilipoachana alicheka peke yake, akarudia mara sita bila kuambiwa.

Halafu hizo mbio! Video mliyoiweka chini ya makala ile, mpigaji anaukimbiza kama anadaiwa. Joplin aliandika juu ya noti za muziki huu kwamba usipigwe haraka, na kwenye kazi zake nyingine akaonya kuwa ragitaimu haifai kamwe kukimbizwa. Ukiukimbiza, ule ukorofi wa mkono wa kulia hausikiki tena, inabaki kengele ya gari la aiskrimu. Na huko Marekani magari ya aiskrimu yanaupiga kweli.

Mkichapisha sahihisho, naomba jina liandikwe Joplin. Chini ya picha mmeandika Choplin, na nina hakika kuna msomaji aliyedhani ni Chopin, yule mtunzi Mpolandi.

Mwalimu wa piano,
Nairobi