Kabla hamjanunua mashine ya mama

Tanga

Mpenzi Mwanaidi,

Pole kwa kuuguza, shoga yangu. Kabla hamjakusanya michango ya mashine ya oksijeni, naomba unisikilize.

Unasema kipimo cha kidoleni kinaonyesha oksijeni asilimia 94 mama akiwa amekaa, ila akitoka uani kuingia ndani anatweta hata salamu haitikii. Mtu anaweza kubanwa na pumzi ilhali oksijeni mwilini inamtosha. Mapafu yaliyochakazwa na moshi wa kuni huingiza hewa yakashindwa kuitoa yote. Kifua kinajaa, misuli inachoka, hofu nayo inazidisha. Oksijeni ya nyumbani humrefushia maisha mgonjwa ambaye kipimo kimeshuka hadi 88 au chini ametulia, tena aivae saa 15 au zaidi kwa siku. Tafiti za 1980 na 1981 ndizo zilizoonyesha hivyo. Mwaka 2016 Wamarekani wakachapisha nyingine, ya wagonjwa waliopungukiwa kiasi tu: oksijeni haikuwaongezea uhai wala kuwaepusha na kulazwa.

Baba yangu anaihitaji kweli, kifua kikuu kilimwachia makovu mapafuni. Mashine inanguruma usiku kucha na kumaliza LUKU, na umeme ukikatika roho yangu inakuwa juu. Jiko la mkaa na sigara ni marufuku chumbani kwake, kwa sababu oksijeni huchochea moto. Wageni wakimwona anahema, kila mmoja anasema, "Mwongezee kidogo." Sikubali! Kwa baadhi ya wagonjwa wa namna hii oksijeni ikizidi, hewa chafu (kaboni dioksidi) hulundikana mwilini, mtu akasinzia, na pengine asiamke. Ndiyo maana kwa wagonjwa hao madaktari hulenga 88 hadi 92, si 100.

Mama akibanwa, mkalishe ainamie mbele, viwiko mezani. Avute pumzi kwa pua, aitoe polepole midomo ameifinya kama anayepoza chai. Kisha mpepee usoni, puani na mashavuni. Feni ndogo ya mkononi inafaa sana. Upepo ule unatuliza kiu ya hewa, nimeuona kwa baba ukimshusha mabega.

Mpeleke kliniki ya kifua wampime akiwa ametulia na akitembea, na waangalie kama dawa ya kuvuta anaivuta sawasawa. Midomo ikigeuka bluu au akianza kuchanganyikiwa, msingoje kliniki, kimbieni hospitali.

Na ile michango, mkimnunulia mama jiko la gesi kwanza, mimi nitachangia mtungi.

Wako,
Saumu