Malalamiko: programu yenu ilifunga taarifa ya hatari ambayo haikuwa imerekebishwa

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: KUFUNGWA KWA TAARIFA YA NUSURA AJALI BILA UHAKIKI, NA MFANYAKAZI KUUMIA

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni afisa usalama na afya katika kiwanda kinachotumia programu yenu ya kusimamia matukio ya usalama kazini. Huu ni mwaka wa pili tangu tuwe wateja wenu. Ninawaandikia kwa sababu programu hiyo ilionyesha kuwa hatari imeshughulikiwa wakati hakuna mtu aliyeigusa, na mwenzetu mmoja amepoteza ncha za vidole viwili.

Ilianza hivi. Msaidizi wa upakiaji alinaswa mkono wa koti na konveya, pale mkanda unapoingia kwenye rola ya mwisho. Akavuta kwa nguvu, koti likachanika, akatoka salama. Bati la kinga linalofunika rola hiyo lilikuwa limefunguliwa wakati wa matengenezo na halikurudishwa. Jioni ileile aliniletea kipande cha kitambaa alichokichomoa kwenye rola, kimejaa grisi, kimesokotwa kama kamba. Nilikipiga picha, nikapiga picha ya rola ikiwa wazi, nikaingiza taarifa kwenye mfumo kama nusura ajali ya kipaumbele cha juu. Hatua ya marekebisho niliyoiandika ilikuwa moja tu: kinga irudishwe, na konveya isiwashwe mpaka irudi. Ile ni konveya ya akiba, huwashwa oda zikizidi, kwa hiyo kuizima hakukumsumbua mtu.

Mfumo ulituma kazi hiyo kwa fundi mkuu wa matengenezo. Fundi huyo alikuwa ameshahama, na akaunti yake tulikuwa tumeifunga ndani ya programu yenu hiyohiyo. Ujumbe ukaenda mahali ambapo hakuna wa kuusoma. Mimi sikuarifiwa, wala meneja wangu hakuarifiwa. Siku 30 zilipotimia bila mtu kujibu, programu ikaifunga taarifa yenyewe, ikaipaka rangi ya kijani, ikaandika "Imefungwa, 100%".

Wiki tatu baadaye oda zilizidi. Msimamizi wa zamu ya usiku alifanya alichofundishwa na watu wenu: alifungua simu, akatafuta konveya ile, akaona kijani, akaiwasha. Kabla ya alfajiri kijana mwingine alikuwa hospitali.

Sitaki kuwabebesha yaliyo yetu. Swichi ya konveya ile ilipaswa kuwa na kufuli na kibao cha onyo, na havikuwepo. Hilo ni kosa letu, liko kwenye ripoti yetu ya uchunguzi, na kufuli zimeshafungwa. Lakini msimamizi yule hakupuuza utaratibu. Aliufuata, na skrini yenu ikamdanganya.

Nilipopiga simu kwenye dawati lenu la msaada, niliambiwa kuwa kufunga taarifa "zilizolala" ni mpangilio wa kawaida, umewekwa ili dashibodi isijae. Nimeutafuta. Uko ukurasa wa tatu wa mipangilio, umewashwa tangu mlipotukabidhi mfumo, na mwongozo wenu hauutaji hata kwa sentensi moja. Siku mbili za mafunzo hatukuusikia.

Mlipotuuzia mlisema programu inafuata ISO 45001, kiwango cha kimataifa cha kusimamia usalama na afya kazini. Kiwango hicho cha mwaka 2018, kifungu cha 10.2, kinadai kwamba baada ya hatua ya marekebisho kuchukuliwa, ipimwe kama kweli imefanya kazi. Katika programu yenu hakuna mahali pa kufanya hivyo. Kuna kitufe cha kufunga, basi. Anayekibonyeza haulizwi picha, hatakiwi mtu wa pili wa kuthibitisha, na safari hii hata mtu wa kukibonyeza hakuhitajika.

Kuna jambo jingine linaloniuma karibu sawa na hilo. Ukifungua sehemu ya chanzo cha tukio, jibu ambalo tayari limechaguliwa ni "Uzembe wa mfanyakazi". Ukienda kwenye hatua za marekebisho, orodha inaanza na "Mkumbushe mfanyakazi", kisha "Mafunzo", kisha "Vifaa vya kujikinga". Kila aliyesomea kazi hii anajua mpangilio uko kinyume: kwanza iondoe hatari yenyewe, usipoweza ibadilishe kwa kitu chenye hatari ndogo, kisha weka vizuizi vya kihandisi kama kinga ya mashine, kisha rekebisha utaratibu wa kazi, na vifaa vya kujikinga viwe vya mwisho. Kinga ya mashine sikuikuta popote kwenye orodha yenu, nikalazimika kuiandika kwenye kisanduku cha "Mengineyo". Mtu aliyechoka, saa nane usiku, atachagua kilicho mbele yake. Hivyo ndivyo kijana aliyeumizwa na rola iliyo wazi anavyoandikwa mzembe, na wenzake wakiliona hilo wanaacha kuripoti. Aliyeniletea kile kitambaa sijui kama ataleta kingine.

Ninaomba yafuatayo ndani ya siku 14. Zimeni mpangilio wa mfumo kufunga taarifa wenyewe kwa wateja wote, na kila mteja aambiwe kwa maandishi kuwa ulikuwepo, kwa sababu siamini konveya yetu ndiyo pekee. Tupeni orodha ya kila taarifa yetu iliyofungwa na mfumo bila mkono wa mtu, ili tuzifuate moja moja mpaka mashine ilipo. Kazi iliyotumwa kwa akaunti iliyofungwa irudi mara moja kwa aliyeituma na kwa mkuu wake. Taarifa ya kipaumbele cha juu isifungwe bila picha na bila mtu wa pili kuthibitisha. Na lile jibu lililochaguliwa kwenye chanzo cha tukio liondolewe, pabaki wazi.

Hayo yasipofanyika tutavunja mkataba bila kulipa faini, na tutadai kumbukumbu zetu zote katika muundo tunaoweza kuusoma bila programu yenu.

Nimeambatanisha picha mbili za siku ya taarifa, nakala ya ukurasa wenye alama ya kijani, na picha ya rola ilivyokuwa asubuhi ya ajali. Kinga haipo katika picha zote mbili za rola. Tafadhali zionyesheni pia kwa waliobuni kile kitufe.

Wako mwaminifu,
Afisa Usalama na Afya Kazini