Sukari ya alfajiri

Mwanangu mpenzi,

Juzi kwenye simu ulinigombeza. Kipimo changu cha sukari cha asubuhi kilisoma 8.9, juu, ukasema lazima nimekula kitu usiku. Sikula, baba. Nilikula ugali kidogo na mchicha saa moja, nikaswali Isha, nikalala. Niliumia, maana hata mimi nilianza kujitilia shaka.

Leo nimemuuliza daktari. Kaniambia sukari ile imetoka kwenye ini langu mwenyewe. Ini ni ghala: tukila, linaweka akiba ya sukari, tukilala, linaitoa kidogo kidogo ili ubongo usikose. Insulini, ile homoni ya mwili inayoshusha sukari, ndiyo inayoliambia sasa basi. Ini likijaa mafuta halisikii vizuri tena, linamimina tu usiku kucha, na mtu anaamka sukari iko juu na tumbo tupu. Kumbe metformini, dawa ya sukari ninayomeza, kazi yake kubwa iko huko huko kwenye ini. Miaka mitatu nameza, sikujua.

Nikapigwa ultrasaundi. Wakanipaka ile jeli ya baridi, nikaonyeshwa kwenye kioo: ini linang'aa jeupe kuliko figo iliyo pembeni yake. Mafuta hayo. Mimi pombe sijawahi kuonja, nilidhani ini bovu ni la walevi. Kumbe soda, chai ya sukari nyingi na kunenepa tumboni vinatosha. Na haliumi hata kidogo. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nikakufikiria wewe. Siku nzima kwenye bajaji, mchana chipsi mayai na soda, na hilo tumbo lililoanza tangu Idi. Bibi yako alikuwa na sukari, mimi ninayo. Daktari anasema mtu mnene akipunguza hata kilo 7 katika kila 100 za uzito wake, mafuta ya ini hupungua na sukari hushuka.

Na ile mizizi ya kusafisha ini wanayouza stendi, usininunulie tena. Nyingine huliumiza ini lenyewe.

Jumapili njoo hapa Tandika mapema, kabla hujanywa chai. Mashine yangu ipo, tupime wote wawili. Ikisoma 6.1 au zaidi, Jumatatu tunaongozana hospitali wakupime vizuri, bajaji ipumzike siku moja. Nitachemsha samaki na matembele. Soda usilete.

Mama yako