Kabla hujapokea ufunguo, twende tukaione nyumba ambayo haijapigwa plasta

Sisi ni wakaguzi wa nyumba mpya zinazouzwa kwenye miradi. Wateja wengi wanaotupigia simu hapa Arusha wanakuwa wameshaiona nyumba ya mfano. Wameingia, wamefungua makabati ya jikoni, wamesimama kibarazani wakautazama Mlima Meru, na roho imeshahamia. Wanachotaka kwetu ni tuthibitishe tu kwamba nyumba ni nzima. Nasi huwa tunawaambia neno lilelile: nyumba ya mfano haikuambii kitu kuhusu nyumba yako. Ile imepewa mafundi bora na msimamizi hakubanduka. Yako ni namba 27, na huenda imejengwa wiki ambayo simenti ilichelewa na vibarua walibadilishwa.

Mtu anayejenga mwenyewe kwenye kiwanja chake huona zege likichanganywa. Anahesabu mifuko. Kwenye mradi wa nyumba 40 au 100 mnunuzi anakuja mwishoni, wakati plasta imeshafunika tofali, jipsamu imefunika kenchi, yaani mbao za paa, na marumaru imefunika jamvi, yaani zege la sakafu. Lakini miradi hiyo ina faida moja ambayo wanunuzi hawaitumii. Mafundi waliojenga nyumba yako mara nyingi bado wako palepale, safu ya tatu, wanajenga ramani ileile kwa mchanga uleule. Kwa hiyo sisi tukifika hatuanzii kwako. Tunaomba ruhusa, tunavaa helmeti, tunakwenda kwenye nyumba iliyofika linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha.

Tofali tunalikwaruza kwa ufunguo. Likiwa zima, ufunguo unaacha mstari tu. Likiwa limebaniwa simenti, mchanga unamwagika kiganjani. Tunauliza yanamwagiliwa siku ngapi. Zege na tofali vinataka maji angalau siku 7, hasa kiangazi upepo unapokausha kila kitu, na ukikuta tofali za jana zimeshakauka kwa jua bila hata gunia juu yake, umeshapata jibu.

Mwaka jana tulisimama na mteja wetu, mama mmoja mwalimu, kwenye nyumba jirani na yake, mbele ya nguzo ya kona iliyotoka kuvuliwa mbao asubuhi hiyo. Upande wa chini ulikuwa na matundu kama sega la nyuki, na ndani ya tundu moja nondo ilionekana kabisa. Zege halikushindiliwa. Fundi alikuwa ameshashika mwiko, anataka kuyaziba ili plasta ipite. Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa zangu mimi zikoje?"

Hakuna anayeweza kujibu swali hilo kwa kutazama rangi. Tuliomba kumbukumbu za vipimo vya zege, vile vya vipande vinavyovunjwa maabara zege likifikisha siku 7 na siku 28. Hazikuwepo. Mama akasimamisha malipo yaliyobaki, kwa barua, na baada ya majadiliano marefu walikubali tubandue plasta kwenye nguzo mbili za nyumba yake. Moja ilikuwa safi. Ya pili ilibidi ibomolewe sehemu na kumwagwa upya. Bila nguzo ile ya jirani tusingekuwa na hoja ya kugusa ukuta uliokwisha kupakwa rangi.

Baada ya hapo ndipo tunaingia kwako. Sarafu ya shilingi 200 tunagonga nayo marumaru moja baada ya nyingine. Inayolia kama debe tupu haina mchanganyiko wa simenti wa kutosha chini na inaweza kupasuka siku mtakapoburuta kabati. Bafuni tunamwaga ndoo nzima ya maji na kusubiri. Yakielekea mlangoni badala ya kwenye tundu la kutolea maji, kazi hiyo irudiwe kabla hujahamia, maana ukishahamia ni wewe na ufagio wako kila asubuhi. Kwenye soketi tunapima kama ethi, waya wa usalama unaopeleka umeme ardhini, ipo kweli, si waya uliochomekwa na kuishia ukutani. Bati tunauliza geji, namba inayoonyesha unene wake: 30 ni jembamba kuliko 28, ingawa namba ni kubwa.

Nyufa zinawatisha watu kuliko zote, na si zote za kuogopa. Zile nyembamba kama unywele, zilizosambaa kama ramani, kwa kawaida ni plasta iliyokauka haraka. Ule unaoanzia kona ya dirisha kwenda mshazari, au unaoshuka ngazi ngazi ukifuata maungio ya tofali, ndio tunaoupima na kuuwekea alama ya tarehe. Kwenye maeneo yenye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, msingi wa kawaida unahangaika. Uliza msingi wako uliwekwa juu ya nini, na kama udongo ule ulichimbwa ukaondolewa.

Mradi ukiwa na kisima chake, omba majibu ya maabara ya floraidi. Kuzunguka Meru ni jambo zito: kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuchemsha hakuiondoi.

Sasa mkataba. Uingereza nyumba mpya nyingi huuzwa na dhamana ya miaka 10, na miwili ya kwanza mjenzi mwenyewe ndiye anayerudi kurekebisha. Huku kwetu muda wa matazamio, yaani muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, mara nyingi ni miezi 6 au 12, na mara nyingine umo kwenye mkataba wa mwenye mradi na mkandarasi tu, wewe haumo. Dai uandikwe kwenye mkataba wako. Na usikubali miezi 6 ukikabidhiwa Juni: itaisha Desemba, na masika ni Machi hadi Mei. Paa halijaonja mvua kubwa, wewe umeshabaki peke yako.

Tunakagua Arusha na Moshi. Hatupokei chochote kutoka kwa muuzaji, na malipo yetu ni yaleyale ununue usinunue. Tupigie kabla hujalipa awamu ya mwisho, uje na nakala ya mkataba na ramani. Ngazi, ndoo na sarafu tunabeba sisi.